Mafuta Yaliyokataa Kuamka

...na karatasi nyeusi ya kuzuia jua mama ameikunja vizuri, pembe kwa pembe, kama anavyokunja kitambaa cha kanisani, akaiweka kando ya kichupa, na jua la saa sita linapita kwenye kioo moja kwa moja mpaka kwenye unga wangu mweupe, ambao si mweupe tena, umefanya utando wa manjano, na mama yuko mlangoni nyuma yangu, ametoka misa hajavua hata kilemba, anasema, "Geneviève, mafuta yako ilikuwa imelala mu frigo, nikaiweka ku jua iamuke, lakini inakatala," na mimi nimeshika dirisha, sigeuki, nikigeuka ataona uso wangu... amenisaidia, masikini, kwetu Mahagi asubuhi ya baridi mawese yakiganda kila mama hutoa chupa nje, mafuta yamelala, jua litayaamsha, nani asiyejua hilo, na kizibo amekifungua pia, lazima, mafuta si unayanusa ujue kama yameoza?... alipouliza mle mna nini nilimwambia mafuta ya mbegu za maua, ningesema nini, asidi? angeikimbiza chooni, kwake asidi ni ile ya betri ya gari... Profesa Katsuva aliandika kutoka Kisangani, ni gramu ngapi, niletee ikiwa hai na nafasi katika maabara yangu ni yako, na ndege ni kesho, na hii haiko hai, sihitaji hata kuwasha taa ya zambarau kuipima, hewa na jua vikiikuta inashikana yenyewe kwa yenyewe, inakuwa gundi, gundi haing'ai... msimu mzima nimeinama katika ua wa masista nikiokota mbegu za maua ya balsamu, ganda lake ukiligusa tu linapasuka na kukurushia mbegu usoni, mpaka Sista Angèle akaniuliza kama nafungua duka la maua, kisha kuponda, kuloweka, kuchemsha mafuta na potasi, kutia asidi nyingine ili hii ijitenge, kuiacha kwenye baridi mpaka chembe zitulie chini, na frigo la shule limekufa, ndiyo maana nikaileta hapa, kwenye frigo letu la mafuta ya taa, kati ya maziwa na sombe, majani ya muhogo ya jana, mjinga mimi, nani anaweka maisha yake kati ya maziwa na sombe... mama anauliza kama amwagie maji ya moto, hapana, mama, acha kwanza... naweza kumpelekea Profesa hivyo hivyo, niseme iliharibikia njiani, angeamini, au nimwambie mama imeamka, asante, angefurahi, asingejua, hajawahi kuiona iking'aa, yeye ameona kitu cheupe kimeganda chini ya chupa, basi... na nani ameiona? nilifunga mlango wa maabara ya shule, nikaziba madirisha, nikawasha ile taa ya zambarau, ikawaka buluu, buluu ambayo sijaiona hata kwenye ziwa, nikacheka peke yangu gizani, nikazima, nikaifunga karatasi, nikaenda nyumbani kula, na mama akaniuliza habari ya kazi nikasema nzuri... Bunia nzima hakuna aliyeiona ila mimi, niliificha jua, nikaificha na watu, kama watu nao wangeiharibu, leo imekufa na sina hata wa kulia naye, huyu aliyeiua hajui kulikuwa na nini... "Imeharibika?" anauliza, polepole sasa, ameshaelewa kitu, na jua bado liko palepale juu ya kichupa, sijakiondoa, ya nini, na nasema ndiyo, mama, imekufa, haikuwa mafuta ya kupikia, ukiiweka gizani chini ya taa yake ilikuwa inang'aa, na nangoja aseme maskini, aseme unisamehe, nimejiandaa kukasirika, nimelishikilia dirisha kabisa, lakini anasema, "Ilikuwa inangaa namna gani?" na hasira yote inanitoka, sijui imekwenda wapi, kwa sababu Profesa aliuliza uzito tu.