Kamera ya Nne Yaonyesha Mkanjuni

Ulipita pale. Usiniambie hukupita. Watu wote wa Changamwe walipita barabara ile mwaka 1986, tingatinga likiwa kazini, na kila aliyefika mbele ya Mkanjuni alikumbuka ghafla kuwa kamba ya kiatu imelegea. Wewe nawe uliinama, na siku hiyo ulikuwa umevaa ndara. Basi soma, maana aliyeinama hakuona kitu.

Asubuhi moja ya mwaka 1994, fundi Kefa alikuwa amepiga magoti katika ofisi ya bohari ya makontena, bisibisi mdomoni, akitafuta sababu ya mashine ya kunasa picha za kamera kukataa kushika mipangilio. Mashine ilifanana na video ya nyumbani, ila nzito zaidi, na ilikuwa ikila kanda mchana na usiku. Kefa aliweka saa na tarehe, akabonyeza kitufe cha kuhifadhi, mashine ikalia kidogo kama iliyokubali. Alipotazama tena, tarehe ilikuwa imejirudisha Alhamisi moja ya Julai 1986, asubuhi.

Akabadilisha betri ndogo ya ndani, ile inayotunza kumbukumbu umeme ukikatika. Akabadilisha kanda. Akachomoa waya, akanywa chai, akachomeka tena. Julai 1986.

Kufikia adhuhuri kamera ya nne ilikuwa imeifuata tarehe. Kamera hiyo ilielekezwa kwenye kipande cha mwisho cha uwanja ambacho hakijamwagwa simiti. Makontena yalitoweka kwenye kioo cha televisheni. Mahali pake palikuwa na nyumba za udongo zilizoezekwa makuti, kuta zimepakwa chokaa hadi kiunoni, na mwanamke mnene akiepua mahamri.

"Umeipata, fundi?" akauliza meneja, Bwana Absalom, kutoka mlangoni.

"Picha ni safi kabisa," Kefa akajibu. "Shida ni tarehe tu."

"Itengeneze. Watu wa bima wanakuja."

Barke, aliyekuwa mpishi wa chai na mfagiaji wa ofisi ile, aliweka birika chini akasogea kwenye kioo, mikono imelowa.

"Huyo Mwanatatu," akasema. "Na jiko lake lile lile, mguu mmoja jiwe. Mahamri yake yaliungua upande mmoja miaka yote, na wallahi hakuna aliyewahi kula mengine."

"Unawajua hawa, mama?"

"Baba, hapo ndipo nilipozaliwa. Usiiguse tena mashine hiyo."

Kefa akaweka bisibisi mezani.

Mkanjuni haikuwa na uzuri wa kupigiwa picha za watalii. Ilikuwa na kisima cha maji ya chumvichumvi kidogo, msikiti usio na mnara, na redio moja iliyotosha mtaa mzima kwa sababu mwenyewe alikuwa na masikio mazito. Mchana ulisikia nazi ikikunwa nyumba hii, na nyumba ya pili mtu akiuliza ni nani anayepika mbaazi asiyegawa. Watoto waliosoma chuoni asubuhi walisahau aya jioni na kupigwa kwa ajili hiyo, na waliopigwa wangetoa chochote leo warudi kupigwa. Watu walikaa pale tangu babu za babu zao. Karatasi hawakuwa nayo. Karatasi alikuwa nayo mtu wa mbali, aliyeipata ofisini mezani, na hakuwahi kuyaonja maji ya kile kisima.

Nyuma ya msikiti kulikuwa na makaburi. Nana, mamake Barke, alizikwa pale miezi michache kabla ya tingatinga, na tingatinga lilipomaliza hapakubaki jiwe la kichwani wala la miguuni. Palibaki udongo mwekundu uliolainishwa. Barke aliomba kazi ya kufagia bohari ile kwa sababu hiyo na si nyingine. Alikuwa na miaka akifagia juu ya watu wake bila kujua ni nani yuko wapi.

Sasa simiti ilikuwa imalizie kipande kile Alhamisi. Barke alikwenda kwa Absalom mara nyingi, na Absalom hakuwa mtu mbaya. Alimjibu jibu moja kila mara: "Mama, mimi sikatai. Nionyeshe lilipo kaburi, nitaliacha. Lakini siwezi kuacha uwanja mzima."

Kwa hiyo siku ile Barke alimwita mlinzi wa getini, mzee Mwarandu, akampa mawe mawili ya matumbawe. Kisha akafungua dirisha linalotazama uwanja, jicho moja kwenye kioo.

"Njoo moja kwa moja. Simama! Hapo ni barazani kwa Khatibu, wanaume wanacheza bao. Huwezi kuwapita kama mbuzi."

Mwarandu akasimama mbele ya udongo mtupu, akavua kofia. Kwenye kioo alionekana vizuri, na koti lake la kampuni, amesimama mbele ya wazee wanne.

"Asalaam aleikum," akauambia udongo.

"Wameitika. Khatibu anauliza wewe ni wa wapi."

"Mwambie wa Rabai."

"Mwambie mwenyewe, si umemsimamia mbele!"

"Wa Rabai!" Mwarandu akapaza sauti. Khatibu akatikisa kichwa, akarudia kete zake.

"Alikuwa anashinda?" Kefa akauliza.

"Khatibu? Hajashinda tangu uhuru."

Jua lilikuwa kali na mawe ni mazito, na Mwarandu, aliyeona uwanja mtupu mbele yake, akakata njia. Mara picha ikaingia chenga. Mashine ikakwaruza, kanda ikasimama. Kefa akaipiga kofi ubavuni.

"Imekwama."

"Haikukwama," Barke akasema, akatoa kichwa dirishani. "Toka! Toka, mzee, umeingia uwani kwa Mastura na nywele zake ziko wazi! Rudi kinyumenyume! Una mato ya kuonea ama makokwa ya embe?"

"Dada, mimi sioni mlango!"

"Upige hodi huo usiouona!"

Mwarandu akarudi nyuma, mgongo mbele, akasimama na kuita hodi, akaita tena, na akangoja kama angojavyo mtu aliyelelewa. Chenga zikaondoka. Mastura alikuwa amejitanda leso, amekasirika kiasi, na kwa mwiko alimwonyesha njia ya kuzunguka. Mwarandu akazunguka. Tingatinga lilipita hapo hapo uwani mwaka 1986, Mastura yumo ndani, halikupiga hodi, na hakuna mashine iliyokwama.

Nyuma ya msikiti, mwanamke kijana mwenye leso ya buluu alikuwa akifagia kando ya kaburi jipya.

"Na huyo?" Kefa akauliza.

"Huyo mimi." Barke akamtazama kidogo. "Nilikuwa na kiuno, eti?"

"Ulikuwa nacho, mama."

"Mzee Mwarandu, usikanyage! Kulia kwako. Weka moja hapo. Lingine mbele, kuelekea kontena la kijani. Hapo hapo."

Mwarandu akainama akaweka mawe. Kwenye kioo yaliingia juu ya mawe yaliyokuwapo, yakawa yale yale. Barke kijana alisogeza ufagio kumpisha. Barke wa ofisini alinyanyua viganja akasoma Fatiha, maji ya vyombo yakimtiririka hadi viwikoni, na Kefa, ambaye ni mtu wa kanisa, akavua kofia.

Absalom aliitwa. Alitazama kioo, akatazama dirishani, akatazama kioo tena.

"Ni kaburi," akasema. "Niliahidi."

Akapiga simu makao makuu, Nairobi. Alikaa sana kwenye simu. Alipoiweka chini hakumtazama mtu.

"Wanauliza kama kaburi limeandikwa kwenye hati ya kiwanja."

"Hati iliandikwa lini?" Barke akauliza.

"Baada ya kubomoa."

"Sasa kaburi lingeandikwaje?"

"Ndivyo nilivyowauliza. Wakakata simu." Akavuta kiti, asikikalie. "Mimi nimeliona, mama. Lakini hawanilipi kwa kuona."

Alhamisi lori la simiti likaja. Jiwe la kichwani liliwekwa liwe kabari chini ya gurudumu la mashine ya kuchanganyia, kwa sababu pale pana mteremko. La miguuni lilizama. Kwenye kioo hayo yote hayakuonekana: Mwanatatu alikuwa akiepua mahamri, na Khatibu alikuwa akishindwa.

Kefa alimwambia meneja kuwa mashine haitashika tarehe nyingine kamwe. Watu wa bima walikuja, wakaona taa nyekundu inawaka, wakatia sahihi. Madereva wa malori walikwishaambiwa, na mpaka leo hupiga honi na kungoja kidogo kabla ya kukata kona kwa Mastura. Hakuna anayewacheka. Barke hunywa chai yake ya saa kumi mbele ya kamera ya nne, kisha huosha kikombe, huchukua ufagio, na kwenda kufagia simiti. Si shubiri moja ya Mkanjuni iliyorudishwa. Yule mtu wa mbali ameongeza kiwanja.

Amekiongeza upande wa pili wa reli. Vigingi vyake vyekundu viko kati ya nyumba za watu walio hai, wanaopika wakati huu unaposoma, na wamepewa mpaka Jumatatu. Simiti haijamwagwa. Usingoje uone kwenye kioo. Inuka, mgongee jirani yako, na yeye amgongee wake, mwende mkakae mbele ya tingatinga kabla halijapashwa moto. Weka karatasi hii chini. Nenda.