Mtani wa Mkononi

Saa ya kwanza iliishia kwenye pipa la pumba, na aliyeitupa humo ni Bibi Tunu wa Kisarawe, mwanamke ambaye majirani hawajawahi kumsikia akimfokea hata kuku. Kosa la saa lilikuwa nini? Ilitetema mkononi mwake asubuhi, ikaandika: "Meza dawa sasa." Basi. Bila hodi, bila shikamoo, bila hata umeamkaje.

"Kitoto gani hiki kimelelewa porini?" akauliza Bibi Tunu, akakivua.

Kitoto hicho kilikuwa na mama, na mama yake ni Laurensia, binti wa Tabora aliyekuwa akifanya kazi Kibaha. Kazi yenyewe ilikuwa kutunga arifa, vile vijimaneno vinavyotokea kwenye kioo cha saa janja pale inapokutikisa mkono. Kampuni yao iliwagawia wazee wenye presha wa Kisarawe saa hizo ziwakumbushe dawa. Wazee wakimeza, wafadhili wataupeleka mradi wilaya nyingine. Wasipomeza, mradi unafungwa, na wa kwanza kufungashwa virago ni Laurensia. Bosi wake, Godbless, hakumficha.

"Maneno ni yako," alimwambia. "Yasipofanya kazi, na wewe huna kazi."

Haya, Laurensia akaweka adabu. Lakini kioo cha saa ni kidogo kama kisoda, kinachukua mistari miwili tu. Andika "Shikamoo babu", mstari wa kwanza umekwisha. Ongeza "Umeamkaje?", na wa pili umekwenda. Dawa ikabidi isubiri nyuma, mpaka mzee asukume kioo kwa kidole. Chini akaweka kitufe cha kujibia: "Marahaba."

Lo, wazee walibonyeza! Ukimtoa Bibi Tunu na pumba zake, walibonyeza wote, asubuhi na jioni. Godbless akaona kwenye kompyuta karibu kila mtu amejibu, akaagizia ofisi nzima sambusa. Sambusa hazijashuka vizuri, simu ikaita. Alikuwa Efrazia, muuguzi wa zahanati ya wale wazee, na hakuwa na habari njema. Presha ziko palepale juu, na vidonge vimejaa majumbani.

Laurensia akaenda mwenyewe Kisarawe, moyo umemshuka. Alimkuta Mzee Hemedi kibarazani anamenya mihogo, saa inang'aa mkononi. Mkewe, Mwanne, alikuwa amesimama mlangoni na kidonge kwenye kiganja, anabembeleza kama anayemlisha mtoto uji.

"Babu, saa haikukumbushi dawa?" akauliza Laurensia.

"Dawa?" Mzee Hemedi akashangaa. "Hiyo inanisalimia tu. Inasema shikamoo, naiitikia marahaba. Nasubiri iseme shida yake, haisemi. Nikajua ni mpita njia."

Laurensia alitamani kulia na kucheka kwa pamoja. Miezi yote ya kazi, kumbe ametengeneza mpita njia!

"Na wewe mwenyewe kwenu wapi?" mzee akauliza.

"Tabora."

"Tabora Mnyamwezi?"

"Ndiyo, babu."

Mzee Hemedi akatupa muhogo, akapiga paja. "Mwanne! Njoo umwone mpagazi wetu! Hawa ndio walikuja pwani kwa miguu, mizigo ya watu utosini! Leo hii wananiletea saa wakati barabara yenyewe niliwaonyesha mimi!"

Anayejua, anajua. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani hana shikamoo wala hana haya. Anaweza kukutukana msibani kwako mwenyewe na ukamshukuru. Laurensia alikua akimwona baba yake akifanya hivyo, ila kazi za ofisini zilikuwa zimemfunga mdomo kwa tafadhali na samahani. Siku hiyo mdomo ukafunguka.

"Mzigo tulibeba kwa sababu nyinyi mlikuwa ngomani," akasema. "Mwanaume mzima anaogopa kidonge kama punje ya mtama! Mpe kuku ameze, huenda ana moyo kukuzidi."

Mzee Hemedi alimpokonya Mwanne kidonge, akakirusha kinywani, akakimeza bila maji. "Nani kaogopa? Nani?"

Mwanne akabaki na kiganja kitupu, mdomo wazi.

Laurensia alirudi Kibaha na ushetani kichwani. Hakumwambia Godbless. Alifuta shikamoo zote, na mahali pake akaweka maneno ya mtani, mafupi, yanayoenea mistari miwili bila shida. "Mzaramo, dawa! Ngoma baadaye." "Bado hujameza? Nakata sanda." Na pale penye "Marahaba" akaweka "Mwenyewe!", maana utani wa upande mmoja ni matusi.

Kule Kisarawe vicheko vilianza asubuhi. Bibi Tunu aliitoa saa yake kwenye pumba, akaipangusa, akaivaa ili asipitwe. Kila mzee alimeza dawa kwanza, kusudi mtani asipate la kusema, halafu akabonyeza "Mwenyewe!" kwa nguvu za kutoboa kioo. Efrazia akapiga simu tena, safari hii anacheka. Presha zinashuka, na ya Mzee Hemedi ndiyo imeshuka kuliko zote. Laurensia alifurahi mpaka akanunua sambusa kwa fedha yake.

Sasa, siri ya ofisini ina miguu. Siku chache kabla ya ugeni wa wafadhili, Godbless alifungua kompyuta apitie arifa, akakutana na "Nakata sanda."

"Laurensia! Unawatukana wazee kwa jina la kampuni?"

"Bosi, ni utani. Wanapenda. Muulize Efrazia…"

"Utani kafanye kwenu!" Akafuta yote palepale, akaandika ya kwake: "Mpendwa mzee, kwa heshima, tafadhali kumbuka dawa." Akamgeukia. "Wageni wakisikia tusi hata moja, usirudi hapa ofisini."

Siku ikafika. Wazee walipangwa kwenye mabenchi ya zahanati, kanzu zimepigwa pasi, vidonge mikononi, wageni mbele yao na tabasamu za picha. Efrazia alimvuta Laurensia pembeni.

"Presha ya Hemedi imepanda," akanong'ona. "Tangu mbadilishe maneno hajameza hata kimoja. Wenzake vilevile. Nakwambia naogopa."

Kabla Laurensia hajajibu, saa zikatetema zote kwa pamoja. Wazee wakainamisha vichwa, wakasoma. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyepeleka mkono kinywani. Bibi Tunu alishusha khanga kutoka kichwani, akajifunga kiunoni, kama mtu anayejiandaa kwenda msibani.

"Siku ya tatu hii," akasema Mzee Hemedi kwa huzuni ya kweli. "Mtani wetu anatuheshimu. Mtani akikuheshimu, ama amefiwa ama amekasirika. Laurensia, binti, tumekukosea nini?"

"Wana nini?" akauliza mgeni mkuu, daktari mmoja mama mtu mzima.

"Wanafurahi," akajibu Godbless, jasho linamtiririka shingoni. Akamkanyaga Laurensia mguu. "Waambie wameze."

"Wazee wangu," Laurensia akaanza, "tafadhali…"

"Mnamsikia?" akalia Bibi Tunu. "Tafadhali! Kanuna huyu!"

Laurensia akamtazama bosi wake. Akafikiria kodi ya chumba, akafikiria kurudi Tabora bila kazi, akaogopa kwelikweli. Halafu akamtazama Mzee Hemedi na kidonge chake kiganjani, na Mwanne nyuma yake, macho yamejaa machozi. Liwalo na liwe.

"Hemedi!" akapaza sauti mpaka waliokuwa foleni ya sindano wakageuka. "Nani kasema nimekasirika? Nina haraka! Kufa leo nipate kazi! Nitakuja kukalia jeneza lako, na haliondoki mpaka nipewe yule jogoo wako mwekundu, na Mwanne nitamwozesha Mnyamwezi!"

Benchi zima liliruka. Mzee Hemedi alisimama, akatupa kidonge kinywani, akapanua mdomo kuwaonyesha wageni kuwa ni kitupu. "Sifi ng'o! Jogoo wangu humli! Mpagazi mkubwa wewe!"

Vidonge vikashuka kooni kimoja baada ya kingine, huku wazee wakimporomoshea Laurensia matusi ya furaha. Mwanne alicheka huku analia, akamshika mkono akakataa kuuachia. Mgeni mkuu naye aliinama, mabega yanamtikisika, akawa anapangusa miwani.

Godbless hakucheka. Alimwashiria Laurensia kwa kidole, wakatoka hadi nyuma ya zahanati, kwenye tangi la maji. Laurensia akaanza kuvua kitambulisho cha kampuni shingoni kabla hajaambiwa.

Bosi alikipokea, macho kwenye viatu vyake.

"Mama yangu yuko Rombo," akasema kwa sauti ndogo. "Ana presha. Hamezi dawa. Kila nikimpigia simu ananiambia nimwache."

"Pole, bosi."

"Sisi Wachaga, watani wetu ni nani?"

"Wapare, bosi."

Godbless akamrudishia kitambulisho shingoni kwa mikono yake mwenyewe.

"Nitafutie Mpare," akasema. "Mwenye mdomo mchafu."