Jicho la Mwizi wa Siagi

Lehru mchoraji alikuwa amemaliza kila kitu kwenye ukurasa wa kitabu cha ikulu, ule wa utoto wa mungu Krishna: chungu cha siagi aliyoiba, tumbili anayegawiwa mali ya wizi, mama yake Yashoda na fimbo. Yalibaki macho mawili tu, la Krishna na la mama yake, kwani nyuso zilichorwa kwa upande. Huko Basohli, mji wa wachoraji kule India, macho hufunguliwa mwisho, kwa mkupuo mmoja. Ukikosea umempofusha mungu, na ikulu haina kazi na mpofushaji.

Na mkono wa Lehru, tangu majira ya baridi yaliyopita, ulitetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa. Aliyejua kwa hakika ni mkewe Malko peke yake.

Siku hiyo Diwani Jaimal, waziri wa ikulu, akaja mwenyewe, akakaa. "Nimesikia maneno, mzee. Rani, malkia wetu, kanituma nitazame. Ukishindwa, kitabu chote kinakwenda kwa wachoraji wa Nurpur."

Lehru akachovya brashi ya manyoya ya kindi. Tone likaanza kucheza ngoma nchani.

"Geuka, bwana Diwani!" Malko alimaka. "Mtazamo wa kwanza wa mungu huunguza. Au macho yako umeyachoka?"

"Shemeji, huyu wa karatasi tu."

"Haya, mjaribu."

Diwani akacheka, lakini akageuka. Nani huonja sumu ili ajue ladha? Malko, aliyemtazama mumewe akifungua macho miaka yote, akainyakua brashi, akabana pumzi, akavuta. Jicho likafunguka: la pembeni, la mtoto aliyesikia hatua za mama yake.

"Loo, mwizi hasa!" Diwani alisema alipogeuka. "Sasa la mama. Huyu binadamu mwenzangu, haniunguzi. Natazama."

Malko akatafuta uongo mwingine, akakuta ghala tupu. Lehru akauangalia mkono wake, akamwangalia Yashoda asiye na jicho. Taratibu akampa mkewe brashi, Diwani akiona.

"Chora, mama watoto."

Malko akachora. Jasho likamfika kidevuni, akalifutia begani kabla halijadondoka. Jicho likatoka kali, lenye huruma kwa ndani.

Diwani aliinama juu ya ukurasa. "Na lile la kwanza, nani alilifungua?"

"Wewe ulinipa mgongo," Malko akajibu. "Muulize Krishna, yeye ndiye aliyeona."

Diwani akauma masharubu. Kisha akaufunika ukurasa kwa kitambaa chekundu. "Niliagizwa nihakikishe macho. Mikono sikuagizwa." Akaenda zake.

Lehru akamsogezea mkewe kigodoro chake cha kukalia achorapo. "Kaa hapa sasa."

"Na jikoni?"

"Nitakwenda mimi. Mkono huu utapepeta mchele wenyewe."