Shangazi wa Mfukoni

Mimi ni fundi simu, na zile simu ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua nimezigeuza watu. Moja ni Profesa, anayebishana na kila mtu mtandaoni. Nyingine ni Komando mstaafu. Ya tatu ndiyo roho yangu: Shangazi, mama wa makamo anayeshauri wanawake kuhusu ndoa. Msinicheke. Nikiwa mimi, wateja wananifokea kwa sababu ya chaja. Nikiwa Shangazi, watu elfu nane wananiambia wananipenda. Nani angekubali kubaki fundi tu?

Mwezi uliopita Shangazi aliandikiwa na mdogo wangu wa kike. Namba yake naijua kwa kichwa. Mumewe ameanza kumpiga, alisema, anataka kufungasha aondoke, ila anaogopa. Akaongeza: "Kaka ninaye, lakini yuko bize na simu zake. Wewe ndiye unayenielewa."

Mtu mwenye akili timamu angefunga duka akamfuata. Mimi, wallahi, nilitabasamu! Ile sentensi ya mwisho niliisoma mara nne. Kisha nikamjibu kama Shangazi anavyowajibu wote, maana ndicho wanachompendea: tulia mwanangu, zungumza naye kwa upole, ataona aibu mwenyewe. Akatulia. Mungu anisamehe, alinisikiliza.

Jana nimemkuta wodini, mkono una plasta, jicho limevimba halifunguki.

"Umefanyaje?" nikauliza, kama mjinga.

"Nimeanguka kwenye ngazi, kaka." Akageukia ukutani.

Ngazi! Nyumba yao ni ya chini, haina ngazi hata moja. Nilitaka kupiga magoti palepale nimwambie kwamba mimi ndiye niliyembakiza kwa yule mshenzi. Badala yake nikamnyooshea shuka. Yeye akachukua simu yake, akaanza kuandika polepole kwa kidole kimoja. Simu ya Shangazi ikatetemeka mfukoni mwangu.

"Nakuja sasa hivi," nikasema, nikatoka hadi kwenye korido, nikausoma ujumbe wake.

"Shangazi, amenivunja mkono. Kaka yangu yuko hapa. Nimwambie ukweli anitoe kule?"

Mlango ulikuwa wazi, hatua tano tu, namwona kabisa. Ningeingia tu niseme ndiyo, twende nyumbani. Lakini akishaniambia mimi, Shangazi atabaki na kazi gani kwake?

Nikaandika: "Usimsumbue kaka yako, mwanangu. Niambie mimi."