Nyaya Tano Fupi za Mzee Koleo

Jumanne ya tarehe kumi na nne, mwezi wa tatu, saa nne na robo asubuhi, binti yake Mzee Koleo alikanyaga pedali ya kwanza ya kupambia sauti, akakwaruza nyuzi za gitaa, na ukumbi mzima wa hoteli ukasikia kitu kimoja tu: kijiko cha meneja kikizunguka ndani ya kikombe cha chai.

Akakanyaga ya pili. Akakanyaga ya tatu. Zilikuwa sita, zimepangwa juu ya ubao mweusi kama viatu vya watoto mlangoni, zimeunganishwa kwa nyaya tano fupi, kila mmoja urefu wa shubiri, kazi ya mikono ya baba yake. Zote kimya. Mwishowe akachomoa gitaa kwenye ubao, akalichomeka moja kwa moja kwenye spika, akapiga nyimbo tatu kavukavu bila madoido. Meneja akasema amesikia, lakini yeye aliahidiwa mwangwi, kwa hiyo warudi Ijumaa na vyombo vinavyofanya kazi.

Mzee Koleo alikuwa amekaa safu ya nyuma, bisibisi mfukoni, akitamani sakafu ipasuke immeze.

Hoteli ilikuwa inaijaribu bendi ya binti ili ikapige miezi sita kwenye tawi lake la mji mwingine, na gari la bendi lilikuwa limebakiwa na kiti kimoja, nyuma ya dereva. Binti alishamwambia baba yake wazi kwamba kiti kile ni cha fundi wa vyombo. Nyaya zikilia, baba anakwenda. Zisipolia, mpiga dramu ana rafiki yake fundi. Na Mzee asipokwenda, atabaki na nyumba ambayo tangu mkewe afariki ina vikombe sita na mnywa chai mmoja. Hilo hakumwambia mtu. Alichokuwa akisema ni kwamba yeye hana haja ya kwenda kokote, ila watoto wa siku hizi hata balbu hawajui kufunga.

Alikuwa fundi wa idara ya umeme kwa miaka thelathini na moja. Shule aliiacha darasa la nne, umeme akausomea juu ya nguzo. Wakubwa walimstaafisha kwa kumpa saa ya ukutani ya betri. Ya betri, yeye, mtu wa umeme. Tangu hapo kila baya alilitafutia mkubwa wa kulaumiwa. Paa likivuja, kuna mkubwa aliyekula mabati. Hata mkewe alipozidiwa, daktari mkuu alikuwa mkutanini, na hapo hakuwa anatia chumvi.

Kwa hiyo binti alipomuuliza pale ukumbini kuna nini, alijibu bila kupepesa macho kuwa ni umeme wa hoteli. Umeme mchafu. Ukuta ule umefungwa nyaya na mtu aliyepata kazi kwa kujuana. Binti akamwamini, akaenda kumwambia meneja, na Mzee akamwona meneja anaweka kikombe chini na kuutazama ukuta kama mtu aliyeambiwa kuna nyoka ndani ya suruali yake.

Nyumbani alimkuta shemeji yake, mdogo wa kike wa marehemu mkewe, fundi cherehani mwenye mdomo mkali kuliko mkasi wake. Huyu alikuja kila adhuhuri kuhakikisha Mzee amekula, na akikuta amekwisha kula alinuna. Mzee akamsimulia habari za ukuta, akaunganisha na historia ya idara nzima. Shemeji akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza gitaa lilipolia bila ubao, spika ilikuwa imechomekwa wapi.

"Ukutani," akasema Mzee.

"Ukuta huohuo mchafu?"

Mzee akamwambia ashike sindano zake. Lakini akatoa testa yake ya kupimia nyaya, akakaa mezani na zile nyaya.

Alizitengeneza Jumapili. Binti alikuwa amemletea boksi lenye waya uliozungushwa, plagi kumi, na bisibisi ndogo kama kijiti cha meno. Plagi zile hazikuhitaji kulehemu, jambo ambalo lilimuudhi, ila chuma chake cha kulehemia kilikuwa kimefichwa tangu aunguze kitambaa cha meza mara ya tatu. Ndani ya boksi palikuwa na karatasi ya maelekezo. Mzee hakuwa msomaji wa karatasi za wakubwa. Aliikunja akaisukuma chini ya mguu mfupi wa meza. Kisha akafanya alichofanya miaka thelathini na moja: akachuna waya. Akatoa ganda la nje, akasokota nyuzi za shaba kwa vidole, akachuna na ganda la ndani, akaisafisha ncha mpaka ikang'aa, akaisukuma ndani ya plagi, akakaza skrubu. Kuunganisha waya bila kuuchuna, kwake, kulikuwa sawa na kumwogesha mtu na koti lake. Nyaya nne za kwanza zilikuwa nzuri za kutia kwenye fremu. Kwenye wa tano kisu kilikatika ncha, na shemeji alikuwa anaita chakula kinapoa. Basi akaukata hivyohivyo, akausukuma na ganda lake, akakaza, akauficha katikati ya wenzake kwa aibu.

Sasa akapima. Wa kwanza, shoti. Wa pili, shoti. Wa tatu na wa nne, shoti tupu. Wa tano, ule wa hovyo, mzima kabisa. Akapima upya. Akaituhumu testa, akaibadilisha betri, akapima tena.

Shemeji akainama, akaichomoa karatasi chini ya mguu wa meza. Meza ikalala upande, chai ikamwagikia suruali ya Mzee. Karatasi ilikuwa picha tupu: waya na ganda lake unaingia kwenye plagi, jino la skrubu linatoboa ganda lenyewe, na pembeni kisu kimekatwa kwa mstari mwekundu. Shemeji akaeleza kwa kidole kwamba ukichuna, zile nyuzi ndogo zinatawanyika humo ndani na kugusana na waya wa kati, sauti ikafia humohumo.

Mzee akasema waliochora walipaswa kuichora juu ya boksi, kubwa, mtu aione.

"Umekosea, shemeji," akasema yule mama, taratibu, huku akifuta chai.

Neno hilo lilikuwa halijasemwa ndani ya nyumba ile miaka miwili. Marehemu mkewe, aliyezoea kulisema, alikuwa akilisema vilevile, huku akifuta kitu.

Nyaya nne akazirudia kwa dakika kumi: kata, sukuma, kaza. Zote zikapima vizuri. Aliona kazi rahisi namna ile ni dharau kwa fundi. Akamwomba shemeji asimwambie binti, atamwambia mwenyewe. Jumatano akamwambia binti habari za mvua. Alhamisi akafungua mdomo, lakini binti akawahi: meneja ameita mafundi, wanaufumua ukuta. Mzee akarudi kwenye habari za mvua.

Ijumaa walimkuta meneja amesimama peke yake ukumbini, vumbi mpaka kwenye nyusi. Ukuta ulikuwa umechimbwa mfereji kutoka kwenye soketi hadi darini, matofali yanachungulia nje. Mafundi wamepima kila kitu, akasema, hawakuona tatizo, wamerudisha umeme na kumwachia shimo.

Binti akachomeka ubao, akakanyaga. Mwangwi ukajaa ukumbini, ukaingia mpaka kwenye ule mfereji na kurudi. Mpiga dramu akacheka kwa raha. Binti akamgeukia baba yake na uso wa furaha ambao Mzee hakuwa ameuona tangu msiba, akamwambia aende akaweke begi lake kwenye kiti cha nyuma ya dereva.

Mzee hakuondoka, kwa sababu meneja alikuwa anakuja, anajipangusa vumbi bila haraka. Kichwani Mzee aliwapitia wakubwa wote aliowahi kuwalaumu, mmoja mmoja, kutafuta wa kumbebesha hili. Safari hii mkubwa wa kazi alikuwa mmoja tu, na alikuwa na bisibisi mfukoni. Meneja akasimama mbele yake. Binti akaacha kupiga.

"Mzee wangu, umeme ni uleule, na gitaa linalia. Sasa niambie wewe fundi: ukuta wangu ulikuwa na kosa gani?"