Anwani ya Upande Huu wa Mto

Dirisha la tatu la tiketi katika uwanja wa Wasagaji, timu ya besiboli ya mji wetu wa vinu vya unga, hufunguliwa saa nne kamili asubuhi. Delbert Oakes, aliyelikalia kwa miaka kumi na tisa, hufuta kioo kwanza, kisha huchonga penseli, kisha humwuliza mteja namba yake ya posta. Swali hilo lilianza misimu miwili iliyopita, na huulizwa kwa mechi za Wekundu tu.

Wekundu ni timu ya Port Duquette, mji wa ng'ambo ya mto, dakika ishirini kwa gari kama daraja halijafungwa. Mashabiki wao walikuwa wakitujia kama siafu, wamevaa nyekundu hadi watoto wachanga, na kila mpigaji wao alikuwa na wimbo wake. Tukawa wageni kwetu. Mkuu wa mauzo, Trudy Hensley, akaweka masharti: tiketi za mechi hizo ni za mwenye anwani ya upande huu wa mto, naye lazima anunue pamoja nazo mechi nne dhidi ya timu ambazo hata wazazi wa wachezaji hawaji kuzitazama. Masharti hayakufua dafu. Kikulacho ki nguoni mwako: wenye tiketi za msimu mzima, watu wetu wenyewe, waliwauzia Wekundu kwa bei ya ulanguzi wakabaki nyumbani kuchoma soseji.

Ndipo Trudy alipowagundua marehemu. Alikuwa akipitia majina ya wateja waliofariki ili ayafute, akaona kwamba viti vyao havijakaliwa na Mwekundu hata siku moja. Sababu ilikuwa nyepesi, viti vilikuwa na wenyewe. Marehemu walikuja kila mechi, saa moja kabla ya mpira wa kwanza, wakiteremka kwa miguu kutoka makaburi ya Mtakatifu Stanislaus, ambayo kwa hesabu za posta yapo upande huu. Hawakuuza tiketi zao, wala hawakuondoka mapema kukwepa foleni ya magari. Trudy akawatengea safu nne nyuma ya kituo cha kwanza cha wakimbiaji. Mlinzi wa lango la pili alilalamika tu kwamba wanaleta udongo.

Alhamisi kabla ya mechi ya mwisho na Wekundu, Bi Loretta Pawlak alisimama kwenye dirisha la tatu. Ana miaka sabini na minane. Kwa miaka arobaini na mmoja alikaa na mumewe Casimir safu ya tisa, mume kiti cha kumi na moja, mke cha kumi na mbili. Mume alitazama na kutaja, mke aliandika kila mpira kwenye kadi ya alama. Casimir alifariki majira ya baridi, nyonga ya mkewe ikashindwa na ngazi za nyumba yao, binti yao akamchukua akakae naye. Binti anaishi Port Duquette.

"Namba ya posta, Bi Loretta," alisema Delbert, macho yake mezani.

"Si unaijua?"

"Naijua. Ndiyo maana naona haya kuuliza."

Akaitaja. Mashine ya tiketi ikalia kuikataa.

"Delbert, umewahi kuniona na nyekundu mimi? Hata rangi ya mdomo sipaki nyekundu."

"Mashine haioni midomo, mama."

Bi Loretta alifungua mkoba akatoa kadi sita za alama. Zote zilikuwa nyeupe, hazijaandikwa kitu. "Nilikwenda makaburini Jumapili, Cas akanipa hizi. Hana uzito wa kukandamiza penseli. Anatazama mechi nzima, halafu ananiuliza mimi nani kashinda. Hakumbuki. Hata akiwa hai alikuwa hakumbuki, alinioa kwa sababu hiyo."

"Huna ndugu upande huu? Dada? Binamu?"

"Wote wametangulia." Alikuna kidevu. "Ngoja. Anwani ninayo. Tena nimeilipia."

Akamweleza. Jiwe la kaburi ni moja, majina mawili. Lake lilichongwa siku moja na la mumewe, maana mchongaji hakutaka safari mbili: jina, mwaka wa kuzaliwa, kistari, kisha hamna kitu. Hata mpangilio ni uleule wa uwanjani, Casimir kaburi la kumi na moja, yeye la kumi na mbili.

Delbert aliandika: Loretta Pawlak, Makaburi ya Mtakatifu Stanislaus, sehemu ya tisa, namba kumi na mbili. Mashine haikulia. Ilitoa tiketi ya safu ya tisa, kiti cha kumi na mbili, na chini ya jina ilikuwa imeandikwa MAREHEMU.

"Imeniua," alisema Bi Loretta.

"Kidogo tu, mama."

"Asante, mwanangu. Asante sana. Nilidhani ndiyo basi tena." Akaibusu tiketi, akafuta kioo kwa kiwiko mahali alipokuwa amepumulia.

Jumapili saa saba mchana binti yake, Joanne, alimleta hadi maegeshoni. Joanne mwenyewe hakuwa na anwani ya upande huu, akabaki garini na redio. Mlinzi wa lango la pili alitazama viatu vya Bi Loretta, akafurahi kuona ni safi.

"Umechelewa," alisema Casimir kutoka kiti cha kumi na moja.

"Daraja, Cas."

Akamsogezea magoti apite. Mrushaji wetu akarusha, Casimir akataja, Bi Loretta akaandika. Kufikia zamu ya tatu kati ya tisa, kadi nyingine nyeupe zilianza kumjia kutoka mkono hadi mkono, naye akaandikia safu nzima, watu kumi na mmoja, huku asante zikirudi kwa njia ileile. Hakuna aliyewahi kushukuriwa hivyo katika uwanja ule, na tumekuwa na wachezaji hodari.

Zamu ya saba, watu wote wakisimama kujinyoosha kama ilivyo desturi, ubao wa matokeo ulionyesha wapenzi wa timu tuliowapoteza mwaka huu. Casimir Pawlak. Loretta Pawlak. Uwanja ukavua kofia. Bi Loretta naye akavua yake, kwa adabu.

Tulifungwa nne kwa moja. Trudy alipohesabu Wekundu waliokuwemo hawakuzidi mia, akaridhika, akaandika kwamba masharti yataendelea msimu ujao bila kubadilishwa hata nukta.

Bi Loretta alitoka na umati wa safu ya tisa, akapanda nao kilima cha makaburini hatua kadhaa, hadi Casimir akamgusa bega: "Mama Joanne, gari lako liko kule."

Garini alifungua kadi na kumsomea binti yake mechi yote, mpira kwa mpira, wakiwa wamekwama darajani katikati ya magari ya wale waliokosa tiketi.

"Na mimi je, mama?" aliuliza Joanne. "Mwaka kesho nitaingiaje?"

"Namba kumi na tatu kule kilimani bado iko wazi," alisema mama yake, akikunja kadi. "Wahi, kabla Wekundu hawajajua."