Mama Anasubiri Saa Mbili

Usiku wa jana niliota televisheni yetu inakohoa.

Ilikohoa kwa adabu, kama mgeni aliyefika mlangoni akakuta watu wanakula. Nikaondoa kitambaa alichokifuma mama, ambacho kimeifunika tangu tulipomzika, nikaiuliza inaumwa nini.

"Siumwi," ikasema. "Umeme ulikatika, nimesahau kila kitu. Nianzishe upya."

Ni televisheni ya zamani, ile yenye kisogo kirefu, na chini ya kioo ina mdomo wa kumeza kanda za video. Yenyewe inaonyesha, yenyewe inarekodi. Katika ndoto ule mdomo ulikuwa unatafunatafuna. Nikaiambia baba haruhusu mtu kuigusa.

"Najua," ikasema. "Lakini mama yako yuko huku ndani kwenye korido. Amekaa anasubiri tangu siku ile."

Siku ile naijua vizuri. Mama alikuwa kwenye kikundi cha akina mama wafuga nyuki hapa kwetu Tabora, wakaja watu wa kituo cha televisheni cha mjini wakamhoji. Kipindi kilipangwa kuonyeshwa saa mbili usiku. Asubuhi ya siku hiyo tukaletewa habari ya msiba Sikonge, ikabidi twende wote na kulala huko. Baba akasema hakuna shida, mashine ataiacha macho. Akaweka kanda mpya, akabonyeza mbili, tukaondoka.

Mashine hizi husoma saa kwa hesabu ya Kizungu. Mbili yake ni saa nane yetu. Tuliporudi tulikuta imerekodi saa nane mchana, kituo hakijafungua hata matangazo. Kanda nzima chenga tupu.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Akasema mwisho wa kipindi alimtaja mtu mmoja wa nyumba hii, akampa salamu. Tukamwomba aseme ni nani. "Watarudia kipindi," akasema. "Mtaona wenyewe."

Hawakurudia. Mvua zilizofuata mama hakuziona. Baba hajaiwasha televisheni tangu hapo, na saa ya mkononi aliacha kuvaa.

Basi nikaiuliza televisheni inataka nini ili mama apite. Ikasema inataka lugha, stesheni na saa.

"Lugha," ikaanza. "Kiswahili sina."

Ikataja ilizo nazo, moja moja, kama mwalimu anayeita majina. Mimi si mtu wa haraka. Mchele nauchambua mpaka majirani wananicheka. Lakini nilisikia ndani ya kioo mtu anasogeza kiti, na pumzi aliyoshusha ilikuwa ya mama, ile ya mtu aliyechoka kungoja foleni. Nikasema hiyo ya mwisho inatosha.

"Kiswidi," ikasema televisheni. "Hiyo imepita. Stesheni."

Sebule sasa iko juu ya paa la nyumba. Nimeshika antena kwa mikono miwili, naizungusha taratibu. Kila nikiizungusha, stesheni moja inaingia mlangoni.

Wa kwanza ni msoma habari, amevaa koti na tai, chini amejifunga taulo. Anasema hakuna anayemwonaga chini. Baada yake wanaingia wachezaji wa timu mbili, wanavua viatu mlangoni kwa heshima, na refa anauliza viatu vya kila timu vikae upande gani. Anafuata mtu wa hali ya hewa. Ameleta mvua ya Mpanda peke yake, na inanyesha kwenye mto mmoja wa kochi.

"Wape namba," inasema televisheni.

Nawapa namba. Msoma habari anakataa namba tatu, anasema nyumba zote anakokwenda yeye ni namba moja. Namba moja ameshaikalia golikipa. Nawabembeleza, nawapangia tena, nawaletea maji. Ndani ya kioo kiti kinasogea tena. Nataka kuwaambia hawa watu wote wakae popote, mama ananisubiri, lakini wageni hawaambiwi hivyo.

"Saa," inasema televisheni.

"Saa mbili usiku."

"Mbili yako au yangu?"

Kabla sijajibu, baba anaingia. Amevaa kanzu aliyoendea msiba Sikonge, vumbi la njiani bado liko kwenye pindo. Rimoti ameishika kwa mikono miwili kama sahani ya moto.

"Nipishe, Nyamizi," anasema. "Hii niliikosea mimi."

Anahesabu kwa vidole, midomo inachezacheza. Vidole havimtoshi, anaazima vya golikipa. Anahesabu upya. Golikipa anamwambia pole mzee, usiharakishe, yeye mechi yake haijaanza.

"Nane," anasema baba, na anabonyeza. Kidole gumba kinabonyeza mara mbili.

"Saa themanini na nane ni mbali," inasema televisheni. "Hatafika yeyote kati yenu."

Refa anapuliza filimbi. Baba anafuta nane moja, anabakiza nyingine, anajifuta jasho kwa pindo la kanzu.

Mlango wa korido unafunguka.

Mama anaingia kwenye kioo. Amevaa kitenge cha njano cha siku ile, na mkononi ana kopo la asali. Amekaa sana huko, kitenge kimepata mikunjo ya kiti. Mtangazaji anamuuliza jambo. Mama anajiweka sawa, anatabasamu, anajibu kwa Kiswidi.

Anakiongea vizuri sana. Anaonyesha kwa mikono mzinga unavyotundikwa mtini, moshi unavyopulizwa, na nyuki wanavyoondoka bila kugombana na mtu. Wachezaji wote wanatikisa vichwa. Baba naye anatikisa, anasema "ehee, ehee," kama alivyokuwa akifanya zamani mama akimsimulia naye anasinzia. Ila leo macho yake yako wazi kabisa.

Mimi nabonyeza kila kitufe ninachokiona.

"Badilisha lugha," naiambia televisheni.

"Lugha hubadilishwa kwa kuanza upya," inasema. "Nikianza upya, yeye anatoka."

"Atarudi?"

"Kanda ni moja, dada."

Naacha vitufe. Nakaa chini na wengine, namtazama mama anavyofungua mdomo na kuufunga.

Mwishoni anamgeukia mtu asiyeonekana, yaani sisi. Anasema maneno mengi, marefu, na katikati yake liko moja ninalolijua. Mihambo.

Ni jina la utotoni la baba. Mtaani yeye ni Mzee Kapalata, kwangu ni baba. Hilo jingine nililisikia kupitia ukutani tu, mama akimwita wakiwa wawili.

Baba anasimama.

"Kasemaje?" ananiuliza. "Kabla ya jina kasemaje, na baada yake?"

"Sijui, baba."

"Lugha umechagua wewe."

"Ndiyo, baba."

Hagombi. Heri angegomba. Anapiga magoti, anaweka sikio kwenye ule mdomo wa kanda. Mama anamwona. Anachovya kidole kwenye kopo la asali, anakitoa nje kupitia mdomo wa televisheni, kama mtu anayemlambisha mtoto, na matone mawili matatu yanaanguka ukingoni. Baba amefumba macho. Kanda inafika mwisho na kuanza kujirudisha yenyewe. Mama anatembea kinyumenyume, upesi upesi, kidole kinarudi kwenye kopo, jina linarudi mdomoni mwake, na mlango wa korido unajifunga.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha.

Nilikwenda sebuleni bila kuvaa kandambili. Kitambaa cha mama kilikuwa mahali pake, waya umechomolewa, na vumbi juu ya meza halikuguswa na mtu. Nikageuka niende zangu kuwasha jiko.

Ndipo nikawaona sisimizi. Walikuwa wamepanga mstari, wanapanda mguu wa meza, wanapita chini ya kitambaa. Nikakiinua upande mmoja. Walikuwa wanaingia kwenye mdomo wa kanda, na wengine wanatoka. Nikapitisha kidole ukingoni, nikakilamba. Asali. Ile ya mama, yenye uchungu kidogo mwishoni.

"Nyamizi," baba akaita kutoka chumbani kwake, sauti nzito ya usingizi. "Nani ameniita?"

Katika salamu nzima nililokuwa nalo ni neno moja, na hilo yeye mwenyewe alikuwa nalo tayari. Mengine niliyapoteza mimi.

Kitanda chake kikalia. Nikasikia anapapasa fimbo.

"Njoo uone mwenyewe, baba," nikasema, nikasogea pembeni nisiwakanyage.